Kwa Wanaoanza Darasa la Nyongeza la Kiswidi Nje ya Uswidi

Jambo la kwanza ambalo mzazi anapaswa kulielewa kabla ya kumwandikisha mtoto ni kwamba darasa la nyongeza la Kiswidi, lile ambalo Waswidi huliita kompletterande svensk undervisning, halikukusudiwa kumwanzishia mtoto lugha asiyoijua. Limewekwa kwa ajili ya mtoto anayezungumza Kiswidi nyumbani, lakini anayesoma shule ya nchi anamoishi na hivyo hapati nafasi ya kukisoma na kukiandika. Ruzuku ya serikali hupitia Skolverket, mamlaka ya Uswidi inayosimamia elimu ya shule, na miongoni mwa yanayoangaliwa ni kwamba mzazi mmoja awe raia wa Uswidi na mtoto mwenyewe awe anakitumia Kiswidi. Katika miaka niliyosaidia kuratibu darasa la Jumamosi hapa Uingereza, nimezipokea familia nyingi za watu wetu waliotoka Kongo, Burundi au Tanzania, wakapata uraia wa Uswidi, kisha wakahamia huku, na wengi wao hudhani kwamba pasipoti ya mtoto inatosha. Haitoshi. Mtoto aliyeondoka Gothenburg akiwa na umri wa miaka mitatu, na tangu hapo hakuna aliyemsemesha Kiswidi, hataweza kufuata somo linaloendeshwa kwa Kiswidi kitupu, na baada ya wiki chache ataanza kukataa kuja.

Kwa hiyo kazi kubwa iko nyumbani, na kwa familia inayozungumza Kiswahili kazi hiyo inahitaji mpango. Walipokuwa Uswidi, baadhi ya watoto hawa walifundishwa Kiswahili shuleni, kwa kuwa sheria ya huko inatoa nafasi ya mafunzo ya lugha ya mama. Wakishahama, Kiswidi ndicho kinachobaki bila mtu wa kukitetea. Nimeona wazazi wakiingiwa na hofu na kuanza kuwasemesha watoto Kiswidi cha kubabaisha, huku Kiswahili chao kizuri wakikiweka kando. Sikubaliani kabisa na uamuzi huo. Mtoto hupata hasara mara mbili, maana huiga makosa ya mzazi katika lugha moja na kupoteza ufasaha katika nyingine. Lililo bora ni kumchagua mtu mmoja nyumbani mwenye Kiswidi imara, ambaye mara nyingi ni kaka au dada aliyesoma shule huko, na kumpa wakati maalumu wa kusoma na kuzungumza na wadogo zake kila siku. Wengine nyumbani waendelee na Kiswahili bila kuona haya.

Darasani, pengo linaloonekana mapema ni la msamiati. Mtoto anaweza kuzungumzia chakula, nguo na ugomvi wa ndugu kwa ufasaha wote, lakini akiulizwa kuhusu mvuke, karne, bunge au sehemu za hesabu kama nusu na robo, hana neno hata moja la Kiswidi la kujibia, kwa sababu mambo hayo ameyajua kwa Kiingereza tu. Ndiyo maana mwalimu mzuri hafundishi sarufi peke yake, bali huingiza historia, jiografia na maisha ya jamii ya Uswidi. Katika maandishi, watoto wanaosoma shule za Kiingereza huyatenganisha maneno ambatani ambayo Kiswidi huyaandika pamoja, na husahau kwamba katika sentensi ya kawaida kitenzi hukaa nafasi ya pili, hata pale sentensi inapoanza na neno la wakati kama “leo” au “jana”. Makosa haya hayarekebishwi kwa kukaripia. Hupungua mtoto anaposoma sana, na magazeti ya lugha nyepesi kama 8 Sidor, pamoja na taarifa za lugha nyepesi za Sveriges Radio, redio ya umma ya Uswidi, huwafaa hata vijana wasiopenda vitabu.

Madarasa mengi huendeshwa na vyama vya wazazi, katika ukumbi au shule ya kukodi, na kikundi kimoja huweza kuwa na watoto wa umri mbalimbali. Usitarajie huduma kama ya shule ya kutwa. Utaombwa kupanga viti, kuchapa karatasi, kuoka mikate ya zafarani ya sikukuu ya Lucia tarehe 13 Desemba, na pengine kushika hesabu za chama. Anayekataa yote hayo huchosha wenzake upesi.

Watu wazima wasikae katika darasa la watoto, hata kama mwalimu ni mpole. Mahitaji yao ni mengine. Anayeanza anaweza kutumia kozi ya bure ya mtandaoni ya Svenska institutet, taasisi ya serikali ya Uswidi, kisha atafute kikundi cha mazungumzo. Kwa msemaji wa Kiswahili, mafungu mawili ya nomino za Kiswidi, ya en na ya ett, hayapaswi kumtisha aliyekua na ngeli. Ajifunze kila nomino pamoja na fungu lake. Penye ugumu hasa ni kwenye irabu tisa na urefu wake, na hapo sikio linahitaji kusikiliza sana kabla ya ulimi kudai haki yake. Anayetaka cheti ana mtihani wa Swedex wa viwango vya A2, B1 na B2, katika ngazi za Ulaya za ustadi wa lugha zinazoanzia A1 kwa anayeanza hadi C2. Anayelenga chuo kikuu cha Uswidi aulizie Tisus, mtihani wa Kiswidi wa wanaotaka kusoma vyuo vikuu. Na muuguzi aliyesomea nje ya Ulaya ajue kwamba leseni ya huko hudai Kiswidi cha kiwango cha C1, ambacho darasa la mara moja kwa wiki haliwezi kumfikisha peke yake.

Kuna jambo moja lisilo la darasa, nalo huwa nalitaja kwa wazazi wa vijana. Raia wa Uswidi aliyezaliwa nje na ambaye hajawahi kuishi Uswidi anaweza kuupoteza uraia wake afikapo miaka 22, na maombi ya kuubakiza hupelekwa kati ya umri wa miaka 18 na 22. Ushahidi wa ziara na wa uhusiano na nchi hiyo huwa na uzito katika maombi hayo, kwa hiyo tikiti za safari na vyeti vya darasa vihifadhiwe tangu mtoto akiwa mdogo.