Machwara ya hoteli yananilipa, lakini kwanza yaliniulia nguruwe 11

Jumamosi nimeuza nguruwe 6, na kabla lori halijatoka kwa geti, dada mmoja wa Kisumu akanitumia meseji: "Kaka, nataka kulisha nguruwe mabaki ya hoteli, nianze na mtaji wa ngapi?"

Dada, kabla ya mtaji tuongee kuhusu moto.

Mimi nilianza hapa Nakuru na nguruwe 3 wakafika 11. Kila jioni nabeba ndoo za machwara kutoka hoteli moja mjini, ugali, wali ulioungua, maganda ya waru, vitu vingeenda kuozea kule Gioto, jalala la mji, na kutoa gesi chafu. Ya bure kabisa. Na sikuwa nachemsha, kuni ni ghali, si nguruwe anakula chochote? Siku moja nikaona mifupa na ngozi ya nguruwe ndani ya ndoo. Niliiona kwa macho yangu, nikawamwagia nguruwe tu.

Haikupita wiki mbili, yule mama mkubwa akakataa chakula. Masikio yakawa mekundu, halafu zambarau, anahema akiwa amelala kwa kona. Baada ya siku 9 banda lilikuwa kimya. Daktari wa mifugo akasema ni homa ya nguruwe ya Afrika, haishiki binadamu lakini kwa nguruwe haina dawa, na virusi vyake vinaishi kwa nyama miezi, hata ikitiwa chumvi. Ugonjwa wenyewe uliandikwa mara ya kwanza kutoka hapa hapa Kenya, 1921, na bado unatumaliza! Kabla wote hawajaisha, jirani alikuwa ameniambia nichinje haraka waliobaki niuze. Nilikataa, nikawazika wote na chokaa, na mpaka leo kuna watu wananiita mjinga kwa hiyo.

Sasa skiza. Chemsha. Mimi natumia drum iliyokatwa nusu, ikishatokota nahesabu saa nzima huku nakoroga mpaka chini. Kabla ya hapo natoa plastiki na vijiti vya meno kwa mkono. Ndoo ya machwara mabichi haiingii bandani, hata mlangoni. Na ongea na wapishi, wangu wanatenga nyama ya nguruwe kando, siichukui hata iwe imepikwa. Usiniambie kuni ni ghali, nguruwe 11 ni ghali zaidi. Chemsha tu.

Ukishanunua drum nitumie picha, ndio tuongee mtaji.