Maswali ya Wasomaji: Kurekebisha upana wa mpigo wa sumaku

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa umeme hapa Kampala. Katika mradi wangu ninachunguza mashine zinazosisimua ubongo kwa sumaku kupitia fuvu. Nyingi huruhusu nguvu ya mpigo ibadilishwe, lakini si upana wake, yaani muda unaodumu. Je, nikibadilisha kapasita tu, yaani kijenzi kinachohifadhi chaji, tatizo litakuwa limekwisha?
Msomaji, Kampala

JIBU: Ndugu msomaji, upana utabadilika, ila mengine nayo yatabadilika pamoja nao. Tangu Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, walipoonyesha mbinu hii mwaka 1985, mpango wa kawaida umekuwa kuijaza kapasita chaji, kisha kuimwaga kwenye koili, yaani waya uliozungushwa unaozalisha sumaku, kupitia swichi ya kielektroniki iitwayo thairista. Thairista ikishawaka haizimiki kwa amri. Hungoja mkondo ufike sifuri, na kwa hiyo upana huamuliwa na koili na kapasita. Kwa koili ya mikrohenri 16 na kapasita ya mikrofaradi 200, mtetemo mmoja kamili huchukua takriban mikrosekunde 355, na kwa volti 1,500 kilele cha mkondo, tukiacha upotevu, hukaribia ampea 5,300. Ili upana upungue nusu, kapasita lazima ishuke hadi mikrofaradi 50, na kilele cha mkondo hupungua nusu vilevile. Isitoshe, utando wa neva huchukua muda kujaa chaji, hivyo mpigo mfupi hudai volti nyingi zaidi ili neva iitikie.

Njia ninayoipendelea ni kutumia kapasita kubwa pamoja na transista za nguvu za aina ya IGBT, yaani swichi za kielektroniki ambazo huzimika kwa amri hata mkondo ukiwa mkubwa. Angel Peterchev na wenzake nchini Marekani walijenga mashine ya namna hiyo, yenye kapasita mbili na transista mbili, ambayo hutoa mipigo inayokaribia umbo la mstatili. Transista ya kwanza inapozimwa, mkondo wa koili, ambao hauwezi kukoma ghafla, hupitia diodi, kijenzi kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, na kuingia katika kapasita ya pili. Volti za koili hugeuka upande, na sehemu kubwa ya nishati huokolewa. Upana hutokana na muda wa kuwasha, na uwiano wa volti za kapasita hizo mbili huamua umbo la awamu ya pili ya mpigo.

Kazi ngumu ni kuzima, na hapo ndipo transista huungua. Nyaya zenye indaktansi (tabia ya kupinga badiliko la mkondo) ya nanohenri 100 tu, mkondo wa ampea 5,000 ukikatwa ndani ya mikrosekunde moja, huongeza volti 500 juu ya zile zilizopo. Tumia vipande bapa vya shaba vilivyobanwa pamoja vikitenganishwa na kihami, na uweke kapasita ndogo za kufyonza miruko ya volti karibu kabisa na kila transista.

Fanyia majaribio koili iliyowekwa mezani, kamwe si kichwa cha mtu, kwa kuwa mipigo hii inaweza kuchochea kifafa. Kapasita ya mikrofaradi 200 niliyoitaja hubeba juli 225 kwa volti 1,500, kiasi cha kuua; iwekee kipingamizi cha kumwagia chaji kilichounganishwa daima, na upime volti kabla ya kuigusa, hata kama umeme wa jengo umekatika.