Tamari ni jina la heshima, mpeni mtoto

Swali lenu la wiki hii ni "Jina gani la Biblia usingempa binti yako?" na najua wengi watataja Tamari, maana hata kwetu mtoto wa kaka yangu alipopewa jina hilo wakubwa walikuja juu, eti lina mkosi, yule si alibakwa na ndugu yake, mnamtafutia mtoto balaa. Mimi kama shangazi nilisimama na hilo jina na bado nasimama nalo.

Kwanza ni jina la Kiebrania, Tamar, maana yake mtende. Waarabu nao tende wanaita tamr, angalia boksi la tende za Ramadhani utaliona limeandikwa. Na mtende si mti wa mchezo jamani, unahimili jua la jangwani, halafu kuna mtende dume na mtende jike na unaozaa ni huo jike. Zaburi ya 92 inaposema mwenye haki atasitawi kama mtende, neno la Kiebrania pale ni hilohilo tamar. Sasa mkosi unatokea wapi?

Tatizo watu wanasoma 2 Samweli 13 wanafunga Biblia. Yule binti wa Daudi hakukosea popote, alitumwa ampikie kaka yake Amnoni aliyejifanya mgonjwa, akakanda unga akamwandalia mikate palepale mbele ya macho yake, na alipokamatwa alikataa kwa mdomo wake, akamwambia jambo hili halitendeki katika Israeli. Alipotolewa nje mlango ukafungwa, akajitia majivu kichwani, akalirarua lile vazi la mabinti wa mfalme akaenda zake analia kwa sauti. Mi namheshimu sana, na kama kuna jina la kuogopa hapo ni Amnoni. Sura inayofuata, mstari wa 27, Absalomu kaka yake alipata binti na akaitwa Tamari. Yaani familia iliyoumia yenyewe haikulikimbia jina, sisi huku tunalikimbia kwa lipi?

Na kabla ya huyo kuna Tamari wa Mwanzo 38, mkwe wa Yuda, alifiwa na waume wawili akaambiwa arudi kwa baba yake asubiri mdogo wao Shela akue, Shela akakua na wala hakuna aliyekuja kumwita. Wajane wangapi wa kwetu wanaijua hiyo hali! Alichofanya baadaye, kujifunika uso Yuda akamdhania kahaba mpaka akapata mimba yake, najua kinawapa watu shida, lakini Yuda aliyetaka achomwe moto alipoonyeshwa muhuri wake na fimbo yake mwenyewe alikiri kwamba huyu mwanamke ana haki kuliko yeye. Wakazaliwa mapacha, Peresi na Zera, na ukoo wa Peresi ndio uliomleta Daudi. Wazee wa Bethlehemu wakimbariki Boazi alipomchukua Ruthu walimwombea nyumba yake iwe kama ya Peresi ambaye Tamari alimzalia Yuda, hiyo ni baraka ya ndoa kabisa jamani. Mathayo naye kwenye ukoo wa Yesu mwanamke wa kwanza kumtaja ni Tamari.

Wenye jina lao hawaliogopi, Israel ya leo Tamar ni kati ya majina yanayopendwa sana kwa watoto wa kike. Nchi ya Georgia, ile jirani ya Urusi, ndiyo usiseme, Malkia Tamar alitawala kuanzia 1184 mpaka 1213, walimwita mepe, cheo kilekile cha wafalme wanaume, kanisa lao linamhesabu mtakatifu na sura yake iko kwenye noti ya lari 50.

Kwa wanaojiuliza waandikeje kwenye cheti cha kuzaliwa, Tamara limetokea kwa Warusi, ni zuri pia ila mimi ningeandika Tamari kama lilivyo kwenye Biblia yetu ya Kiswahili, bibi analisoma bila kuuliza na mwalimu shuleni halimpigi chenga.