Maswali ya Wasomaji: Trela la Farasi Wanne Litavutwa na Gari Gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfugaji wa Gilgil na ni mchezaji wa polo. Msimu wa mashindano unapofika huwapeleka farasi wangu wanne Nairobi, katika uwanja wa Jamhuri, na hadi sasa nimekuwa nikikodi lori la jirani ambalo halipatikani kila ninapolihitaji. Nimeamua kununua trela langu mwenyewe, litakalowabeba wote wanne kwa safari moja. Gari nililo nalo ni Toyota Land Cruiser pikapu, ya dizeli, lita 4.2, isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi). Naomba ushauri: nichukue trela ambalo farasi husimama wakitazama mbele au lile ambalo husimama mshazari? La chuma au la alumini? Na nikague nini kabla ya kutoa pesa?
Msomaji, Gilgil

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza mengi kuhusu trela na machache kuhusu gari, ilhali gari ndilo litakaloamua. Naomba tuanze na mizani. Farasi wa polo wa kawaida ana uzito wa kilo 400 hadi 500, kwa hiyo wanne wa kilo 450 kila mmoja ni kilo 1,800. Ongeza matandiko, nyasi kavu, mapipa ya maji na vifaa vya mchezo, ambavyo kwa urahisi vinafika kilo 200; tukumbuke kwamba lita 100 za maji peke yake ni kilo 100. Trela lenyewe la farasi wanne, hasa la chuma, mara nyingi huwa na kilo 1,500 hadi 2,000 likiwa tupu. Jumla yako basi ni kilo 3,500 kwa hesabu ya huruma, na kilo 4,000 kwa hesabu ya kweli zaidi.

Sasa angalia upande wa pili. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambao pikapu yako ni wa jamii yake, huuzwa katika nchi kama Australia zikiwa zimeidhinishwa kuvuta hadi kilo 3,500, na hapo trela liwe na breki zake. Kiwango hichohicho ndicho kikomo kinachowekwa Ulaya kwa matrela yenye breki za msukumo, yaani zile zinazojifunga zenyewe trela linapoisukuma gari iliyo mbele yake. Soma kitabu cha gari lako na kibao cha trela unalotaka kununua, kwa sababu kikomo halali ni kile kidogo kati ya hivyo viwili, na kiungo cha kuvutia kilichofungwa na fundi wa mtaani hakipandishi kikomo hicho hata kikiwa kinene kama mkono. Kwa maneno mengine, farasi wako wanne wanakufikisha kwenye mwisho kabisa wa uwezo wa gari au wanakuvusha, kabla hatujaizungumzia barabara.

Na barabara yako si ya tambarare. Ukitoka Gilgil kwenda Nairobi ni lazima uupande ukingo wa Bonde la Ufa, ama kwa Mai Mahiu ama kwa barabara ya juu inayopitia Kinungi na Limuru, na huko juu unapita mahali palipo zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 za mwinuko, kwa hiyo pale unapoihitaji zaidi, yako itakuwa imepungukiwa na nguvu kwa karibu moja ya tano. Kupanda, hata hivyo, si tatizo kubwa. Utakwenda polepole nyuma ya malori na utafika. Kinachonitia hofu ni kurudi. Breki za msukumo hufanya kazi kila trela linapolisukuma gari, na kwenye mteremko mrefu husukuma mfululizo, hivyo hupata joto, na breki iliyopata joto kupita kiasi hupunguza uwezo wa kushika. Dereva mzuri huingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza na kuiacha injini ishike mwendo, lakini hata dereva mzuri hawezi kuufuta uzito. Isitoshe, mzigo huu una miguu: farasi mmoja akihama ghafla upande mmoja, kilo 450 zimehama pamoja naye.

Kwa sababu hizo, ushauri wangu ni kwamba usinunue trela la farasi wanne kwa gari hilo. Una njia mbili zilizo bora. Ya kwanza ni kununua trela la farasi wawili, ambalo likiwa tupu lina takriban kilo 900 hadi 1,000 na likiwa na farasi wako wawili na mizigo michache halizidi sana kilo 2,000, uzito ambao gari lako litauvuta na kuusimamisha bila kuhangaika. Farasi wengine wawili wasafiri siku iliyotangulia, au mshirikiane na mchezaji mwenzako mwenye trela kama hilo. Ya pili ni lori dogo, kwa mfano Isuzu ya daraja la NQR au FRR, litakalojengewa bodi ya farasi. Wenye farasi wengi hapa nchini wameegemea malori tangu zamani, na sidhani ni kwa mazoea tu: lori lina breki zilizoundwa kwa uzito huo, halina kiungo cha kuyumba katikati, na farasi wa polo waliozoeana husafiri vizuri wakisimama bega kwa bega. Ubaya wa lori ni urefu wa sakafu. Sakafu ikiwa mita moja kutoka chini na rampu ikawa ya mita mbili, mwinuko wake ni nyuzi 30, na farasi wengi watakataa au watateleza. Mwambie fundi aifanye ya mita tatu, iwe karibu nyuzi 20, au ujenge tuta la udongo la kupakilia pale nyumbani na kutafuta jingine huko uendako.

Kama baadaye utapata gari lenye nguvu zaidi na bado ukataka trela la farasi watatu au wanne, basi maswali yako ya awali yana majibu. Kwa idadi hiyo mpangilio wa mshazari huokoa nafasi, na farasi wengi hujiweka mshazari wenyewe wakiachwa huru ndani ya trela. Kasoro yake ni mbili. Aliyeingia kwanza hatoki mpaka wote walio nyuma yake watoke, jambo ambalo ni zito kama ni yeye aliyeumia. Na chumba cha mshazari hupimwa kwa upana wa trela, kwa hiyo farasi mrefu wa mwili hubanwa kati ya kifua na matako. Farasi wako wa polo, ambao nadhani si wakubwa kama farasi wa kuruka vizuizi, watatosha humo. Wale wanaosimama wakitazama mbele hupata nafasi ndefu zaidi na kila mmoja hutolewa kwa urahisi, ila trela la wanne la namna hiyo huwa refu na zito.

Kuhusu ubao wa kutenganisha farasi na farasi, kataa unaofika mpaka sakafuni. Farasi hujizuia kuanguka kwa kupanua miguu, hasa kwenye kona, na ubao ulioziba mpaka chini humnyima nafasi hiyo. Wengi wanaosemekana kuwa wakorofi ndani ya trela hutulia ubao ukifupishwa na kuwekewa pazia la mpira upande wa chini. Kimo cha ndani kiwe si chini ya mita 2.1 kwa farasi wa ukubwa wa kawaida. Madirisha yawe pande zote mbili, yenye nondo, kwa sababu hewa ni muhimu kuliko kivuli: mkojo hutoa mvuke mkali unaochoma mapafu, na farasi aliyefungwa kichwa juu kwa saa nyingi hawezi kukishusha ili kutoa makohozi na vumbi, jambo ambalo ndilo chanzo kikubwa cha homa ya mapafu baada ya safari ndefu. Kwa saa chache za Gilgil hadi Nairobi hatari ni ndogo, lakini mfunge kwa kamba inayomruhusu kushusha kichwa kiasi, na paa liwe jeupe.

Chuma au alumini? Alumini ni nyepesi na haishiki kutu ya kawaida, lakini mkojo wa farasi huila sakafu yake polepole mtu asipoinua mikeka ya mpira na kuosha chini yake. Chuma ni kizito, huoza kwenye pembe, lakini fundi yeyote wa Naivasha au Nakuru atakichomelea, na hilo lina thamani yake. Kwa sakafu mimi hupendelea mbao ngumu zilizopachikwa juu ya mihimili iliyosongamana, kwani ubao uliooza unabadilishwa peke yake.

Ukienda kukagua trela lililotumika, nenda na bisibisi. Inua mikeka yote na uchome ubao kutoka juu, kisha ulale chini ya trela uuchome tena kutoka chini. Pale bisibisi inapozama, hapo ndipo kwato itakapopita. Soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT kwenye ubavu wa tairi, ambazo huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1519 ni wiki ya 15 ya mwaka 2019. Tairi za trela huzeeka kwa jua na kusimama zaidi kuliko kwa kutembea, na iliyopita miaka sita ibadilishwe hata kama maua yake bado ni mapya. Livute trela tupu kama kilomita 20, usimame, uguse kila kitovu cha gurudumu; kilicho cha moto kuliko vingine kina beringi inayokufa au breki inayogoma kuachia. Hakikisha pia kuna waya wa dharura unaofunga breki za trela endapo litachomoka kwenye gari. Muuzaji anayekuharakisha uache haya, muage.

SWALI: Ndugu Mhariri, kaka yangu anaishi Texas na amepata trela zuri la farasi wanne, lililotumika, kwa bei ambayo hapa huwezi kuipata. Anataka kunitumia Nanyuki. Je, kuna ubaya?
Msomaji, Nanyuki

JIBU: Ubaya upo, ingawa haumo katika ubora wa trela, maana Wamarekani ni hodari wa kuyatengeneza. Kwao gari hupita upande wa kulia, kwa hiyo mlango wa pembeni wa kushusha farasi kwa kawaida huwa upande wa kulia, kando ya barabara. Hapa kwetu upande huo ni wa katikati ya barabara, na siku gurudumu litakapopasuka karibu na Karatina utamshusha farasi mbele ya matatu. Breki zao mara nyingi ni za umeme na zinahitaji kifaa cha kuzidhibiti ndani ya gari lako, ambacho pia kitabidi kiagizwe. Kichwa cha kuvutia nacho hakilingani: chetu kina milimita 50, chao kidogo kina inchi 2, yaani milimita 50.8, na tofauti hiyo ndogo hukifanya kicheze na kulika. Chao kikubwa ni cha inchi 2 na sehemu 5 za 16, ambacho hakifungi kabisa kwenye gari lako.

Muulize pia kama ni lile linalofungwa ndani ya karai la pikapu, juu ya ekseli ya nyuma. Trela la namna hiyo hutulia barabarani kuliko linalofungwa nyuma ya bampa, lakini huiwekea pikapu robo au karibu robo ya uzito wake wote, na pikapu za hapa hazikujengwa kwa mzigo huo. Kwa bei ya trela, meli, ushuru na marekebisho, mwombe kaka yako akusaidie kununua la Afrika Kusini au Uingereza, ambako hupita kushoto kama sisi.

SWALI: Mimi ni saisi wa Timau. Mwajiri ananitaka nisafiri ndani ya trela ili nimtulize farasi mchanga. Na tukiwa na farasi wawili wasiolingana, mzito akae wapi?
Saisi, Timau

JIBU: Usipande, ndugu yangu, na umwonyeshe mwajiri jibu hili. Trela halikujengwa kubeba mtu, na farasi mwenye hofu katika nafasi ile hana pa kukukwepa. Mpe farasi huyo mwenzake mzee aliyezoea safari, kisha msimame baada ya dakika 15 hadi 20 uwaangalie kupitia mlango mdogo.

Mzito akae kulia, upande wa dereva, na akiwa peke yake pia akae huko, kwa kuwa barabara zetu huinama kushoto kuelekea mtaro na uzito ukiwa kushoto utalivuta trela nje. Wakati wa kupakia, funga kwanza mti wa nyuma, yaani ule unaopita nyuma ya matako ya farasi kumzuia asirudi, ndipo umfunge kichwa. Wakati wa kushusha, mfungue kichwa kwanza ndipo ufungue mti wa nyuma. Farasi anayeona nyuma pako wazi hurudi kinyumenyume, na akigundua bado amefungwa kichwa atavuta mpaka kitu kikatike.