Goma: tazama chini kabla ya kulipa garanti (amana ya nyumba)

Anayefika Goma, mashariki mwa Kongo, kwa masomo au kwa kazi huuliza kwanza bei ya nyumba, halafu kama kartie (mtaa) ina umeme. Wenyeji huanzia mahali pengine: chini. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano, na karibu kila kitakachokusumbua, toka choo mpaka soli ya kiatu, kinatoka ardhini. Komisionere (dalali) akikupeleka kuona parseli (kiwanja chenye nyumba), mwache asifu madirisha na simenti. Wewe angalia nyumba ilipokaa.

Kama ni kando ya ziwa Kivu au magharibi ya mji, Himbi, Keshero, Lac Vert, Mugunga, mpaka njia ya Sake, swali la kwanza ni mazuku. Ni gesi ya kaboni dayoksaidi inayotoka chini kupitia nyufa za mawe. Ina uzito wa karibu mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, basi haipandi. Inatiririka kama maji na kujaa mabondeni na mashimoni. Haina rangi wala harufu ya kukushtua. Usiku usio na upepo inakusanyika, alfajiri ndiyo kali zaidi, na jua na upepo vikifika inatawanyika. Ndiyo sababu mtu anaweza kukatiza bonde fulani mchana mwaka mzima bila neno, kisha akaanguka siku ya kwanza aliyopita alfajiri.

Alama zake zipo: kibonde ambamo majani yamekauka yenyewe huku ya pembeni yakiwa mabichi, mijusi au ndege waliokufa bila jeraha. Lakini dawa bora ni kuuliza, na usimwulize bayeri (mwenye nyumba), maana yeye anataka mpangaji. Mwulize mama wa parseli ya jirani, umsalimie kwanza: "Mama, huku mbuzi zinakufaka?" Atakuelewa mara moja na atakuonyesha shimo lenyewe kwa kidole.

Wengine hufunga mshumaa kwenye fimbo ndefu na kuuteremsha polepole. Ukizimika karibu na udongo, rudi nyuma. Ila usiusomee kinyume: mshumaa huzimika hewa ikiwa imeshaharibika sana, kwa hiyo kuwaka kwake si ruhusa ya kutandika mkeka hapo. Kataa kabisa chumba ambacho sakafu yake iko chini kuliko kiwanja cha nje. Ukichimba msingi au choo, jua kwamba sululu inaweza kufungua ufa mpya. Shimo lililolala usiku lisiingiwe asubuhi kabla ya kupimwa. Na mtu akianguka humo, usiiname kumshika. Mara nyingi anayekufa wa pili ni yule aliyekimbilia kuokoa. Kamba, ndoano, mti mrefu, chochote cha kumvuta ukiwa umesimama mahali pa juu.

Kuna gesi nyingine ambayo wageni huichanganya na hiyo. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi na usiku kuna baridi. Mtu anaingiza mbabula, yaani jiko la makala (makaa), chumbani, anafunga mlango, analala. Makala hutoa kaboni monoksaidi, na hiyo haikai chini. Inajaa chumba kizima, kitanda kirefu hakisaidii. Mbabula ibaki nje mpaka izime, basi.

Sasa jiwe lenyewe. Januari 17, 2002 lava ya Nyiragongo, volkano iliyo kaskazini ya mji, ilipita katikati ya mji, ikala kathedrali na sehemu ya njia ya kurukia ndege, ikaishia ziwani. Watu walirudi na kujenga juu yake. Kwenye kartie hizo choo hakichimbwi kwa jembe. Ni baramini (mtaimbo), nyundo na siku nyingi, na mchimbaji hulipwa kwa kina alichofikia. Matokeo yake mashimo ni mafupi, hujaa upesi, na maji machafu hupenya kwenye nyufa bila kuchujwa na udongo. Kabla ya kulipa, uliza choo kina kina gani, kinatumiwa na nyumba ngapi na kilimwagwa lini. Bayeri akikwepa swali hilo, umeshapata jibu. Ukipenda bustani, udongo huletwa kwa gari. Nusu mita ya udongo mweusi inatosha lengalenga (mchicha), haitoshi mparachichi. Nyumba ya mbao isikuchekeshe: ni nyepesi, tetemeko halikuangushii ukuta wa mawe kichwani, na inaweza kubomolewa na kuhamishwa.

Maji ndiyo yanayowaumiza wageni wengi, kwa sababu wanadhani maji mabaya ni ya aina moja. Kuna taabu tatu tofauti. Ya ziwa yanaweza kubeba kipindupindu, ugonjwa ambao Goma haijaachana nao. Hayo hutibiwa kwa klorini au moto. Pale wanapochota, wahudumu hutia klorini ndani ya bidoni (dumu) ya lita 20 kwa sindano. Baada ya hapo subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Wageni hukosea mara mbili: wanakunywa njiani, au wanaleta bidoni yenye matope chini, na uchafu huo unaimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Suuza bidoni kila siku kwa mchanga na maji, uifunike, na chota kwa kumimina, si kwa kutumbukiza kikombe. Ukichemsha, acha yatokote kwelikweli kwa dakika moja au zaidi. Kuona mvuke tu hakutoshi.

Ya mvua yana taabu nyingine. Moshi wa volkano ukielemea upande wenu, mvua hushuka na asidi, hula mabati na kuchukua kutu na zinki ya paa. Mvua ya kwanza baada ya siku kavu imwagwe yote, ndipo uweke pipa. Na maji ya eneo la volkano, ya mvua hata ya baadhi ya chemchemi, huwa na floridi nyingi. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Hapa kuchemsha hakusaidii, tena kunazidisha, maana maji hupungua na floridi inabaki. Mtu mzima hatahangaika kwa muda mfupi, lakini mtoto ambaye meno yake bado yanajengeka atatoka na madoa ya kahawia yasiyofutika. Mwenye watoto atafute maji ya bomba yaliyopimwa kwa ajili ya kunywa, ya mvua yabaki ya kufulia.

Hesabu ya kuanzia: mtu mmoja, bidoni mbili kwa siku kama anafua kwa akili.

Kuhusu mlima wa Nyiragongo, wekundu wa angani usiku si hatari peke yake. Ni mwanga wa lava iliyo kwenye kreta, shimo la kileleni, na wenyeji hulala chini yake. Kinachotakiwa kukutoa kitandani ni mwanga ulio chini ya kilele, ubavuni, upande wa Kibati au Monigi, kwa sababu lava haitoki juu tu: mwaka 2002 nyufa zilifunguka mpaka karibu na mji. Mlipuko wa Mei 22, 2021 ulianza jioni ya Jumamosi bila onyo la kutosha, kwa hiyo usitegemee rangi ya tahadhari ya kituo cha volkano peke yake, ingawa lazima uijue kila wiki. Weka karibu na mlango viatu vilivyofunika mguu, karatasi zako, kitambaa cha pua, maji. Lava hushuka kutoka kaskazini kwenda ziwani, basi hukimbii nayo kuelekea ziwani. Unaikwepa kwa upande, mashariki kuelekea Gisenyi, Rwanda, au magharibi kuelekea Sake, kulingana na ilikopita. Jifunze njia zote mbili kwa miguu, kwani mwaka 2002 mji ulikatwa vipande viwili. Na ikishapoa juu, usiivuke. Chini ya gamba jeusi bado kuna moto na gesi. Mwaka 2021 watu walikufa wakijaribu kupita juu yake kurudi nyumbani.

Njia za kuingia na kutoka mjini zimebadilika tangu vita vya Januari 2025, kwa hiyo barabara, mpaka na saa zake ziulizwe wiki ileile ya safari. Dola zako ziwe safi. Noti yenye mpasuko mdogo hurudishwa hata sokoni. Picha karibu na barieri (kizuizi cha barabarani) au wanajeshi, acha.

Ukipanda boti, hesabu vitu viwili kabla ya watu: majaketi ya kuokolea, na umbali kati ya maji na ukingo wa boti. Oktoba 3, 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiiona. Kivu inashuka ghafla, haina ufuo mrefu wa kusimama. Ukikuta hakuna jaketi lako, teremka, hata kama umelipa.

Na siku ya kuhamia, mizigo yako huenda ikaja kwa chukudu, kama baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Patana bei kabla ya kupakia, pamoja na ya kijana wa kusukuma mlimani. Magunia na godoro hukaa vizuri. Kioo na televisheni beba mwenyewe, kwa sababu magurudumu ni ya mti yaliyovishwa kipande cha tairi na kila jiwe hufika juu kama lilivyo. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Yenye mzigo wa mamia ya kilo, ikiteremka kutoka kaskazini, haisimami kwa sababu yako. Ukisikia kelele nyuma, toka barabarani kwanza, geuka baadaye.