Nyumba ya Kwanza: Kabla Hujauliza Bei, Uliza Utapewa Hati Gani

Tangu niwe na nyumba yangu, watu hunitumia picha za maghorofa kwa WhatsApp na swali lile lile: "Na hii je, ni ya bei nafuu?" Nami huwarudishia maswali mawili. Mshahara wako ni kiasi gani kabla ya makato? Na ukimaliza kulipa, utashikishwa hati gani? Wengine hukasirika. Walitaka niwaambie kama vigae ni vizuri.

Mimi nilinunua Mtwapa, chumba kimoja cha kulala na sebule, kwa mkopo wa nyumba kupitia sacco. Ni mwajiriwa wa kawaida Mombasa, na sina mjomba serikalini. Haya ni kwa mwenzangu anayetafuta nyumba ya kwanza hapa Kenya na kichwa kinamuuma kwa wingi wa mabango.

Mshahara unatangulia kwa sababu ndio unaoamua uingie mlango upi. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 imewapanga wanunuzi kwa kipato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi yuko kwenye nyumba za kijamii. Wa kati ya 20,000 na 149,000 ndiye anayelengwa na nyumba za bei nafuu zenyewe, na aliyepita hapo ana kundi lake la kipato cha kati. Kwa hiyo ukisikia bedsita ya Mukuru, Nairobi, inauzwa 640,000, usiharakishe kumpigia simu shemeji. Hiyo ni bei ya nyumba za kijamii. Ukiwa na mshahara wa 70,000, bei yako ni nyingine hata kama jengo ni la mradi uleule wa serikali.

Kujisajili ni kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizi, kwa kitambulisho na PIN ya KRA, na ni bure. Akitokea kijana anayesema ana mtu ndani wa kusukuma jina lako, mwache na mtu wake.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, hata wasomi wa ofisini kwetu. Ile asilimia 1.5 inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, na mwajiri akaongeza nyingine kama hiyo, ni ushuru. Haikuwekei akiba wala haikupi nafasi kwenye foleni. Mtu wa mshahara wa 60,000 anakatwa 900 kila mwezi na anaweza kustaafu bila kuona ufunguo. Akiba ya malipo ya awali ni pesa nyingine, unayoiweka mwenyewe kwa hiari kwenye akaunti yako ya Boma Yangu. Ukichanganya hizi mbili utakaa ukisubiri nyumba ambayo hakuna aliyekuahidi.

Mlango wa pili hauna mabango, na ndio nilioupita mimi. Kampuni ya kufadhili mikopo ya nyumba, KMRC, haimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Huzipa benki na sacco wanachama pesa za muda mrefu kwa riba ya chini, nazo zikukopeshe kwa riba isiyofika asilimia kumi. Miongoni mwa sacco hizo wamo Mwalimu, Stima, Harambee, Kenya Police, na huku kwetu Pwani, Imarika. Mpango ulipoanza, mkopo haukuzidi milioni 4 Nairobi na kaunti jirani, na milioni 3 kwingineko. Viwango hivyo vimepandishwa tangu hapo, kwa hiyo muulize afisa wa mikopo kiwango cha sasa. Na umuulize kwa jina kamili: "Mna mkopo wa KMRC?" Ukisema tu unataka mkopo wa nyumba, unaweza kupewa ule wa kawaida na usijue tofauti.

Tofauti yenyewe si ya kuchezea. Chukua milioni 3 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 9.5 unalipa kama 27,960 kwa mwezi. Kwa asilimia 14.5 unalipa kama 38,400. Ni nyumba ileile na jua lilelile la Mtwapa, lakini unapoteza zaidi ya shilingi elfu kumi kila mwezi. Kumbuka pia sheria ya ajira hairuhusu makato yote kuzidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hiyo ule mkopo wa dharura uliochukua kwa ajili ya harusi ya binamu utahesabiwa. Mimi niliimaliza mikopo midogo kwanza, ndipo nikaomba huu mkubwa.

Malipo ya awali ndiyo yanayowakwamisha watu, mara nyingi asilimia 10 ya bei. Ongeza wakili, mthamini, na ushuru wa stempu wa kuhamisha umiliki, ambao ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Anayenunua nyumba yake ya kwanza chini ya mpango wa bei nafuu amesamehewa ushuru huo tangu mwaka 2018, ila lazima mradi uwe umetambuliwa rasmi. Neno "nafuu" kwenye bango halitoshi. Kwa nyumba ya milioni 3 mjini, ushuru huo ni shilingi 120,000. Kama una mfuko wa pensheni kazini, kanuni za mwaka 2020 zinaruhusu kutumia hadi asilimia 40 ya mafao yako, isizidi milioni 7, kununulia nyumba ya kuishi. Mwenzangu mmoja alikaa miaka akidhani pesa zile haziguswi hadi uzeeni. Lakini fikiri mara mbili, maana huo ndio uzee wako unaouchota.

Sasa hati. Sisi wa Mombasa tuna sababu ya kuwa wakali hapa. Shangazi yangu ana nyumba Majengo, ya udongo na chokaa, aliyoirithi kwa mamake, lakini kiwanja si chake. Nyumba bila ardhi. Kila mwaka analipa kodi ya kiwanja, na mwenye ardhi akiamua kuuza, shangazi hana la kumwambia mnunuzi isipokuwa "Karibu." Nimekua nikiyaona hayo, na ndiyo maana sikutaka ghorofa ambalo ningekuwa mpangaji wa heshima tu.

Sheria ya mwaka 2020 kuhusu majengo ya vitengo inawezesha kila nyumba ndani ya ghorofa kuwa na hati yake, pamoja na fungu lako la sehemu za pamoja kama ngazi na maegesho. Uliza wazi: hati ya kitengo iko tayari, au inasubiriwa? Uliza kiwanja ni cha lisi, yaani kukodishwa ardhi, ya miaka mingapi na imebaki mingapi. Kisha omba nakala ya hati mama, ile ya kiwanja kizima, ufanye sachi, yaani upekue kumbukumbu za umiliki, kwenye ofisi ya ardhi, au kwenye Ardhisasa, mfumo wa ardhi wa serikali mtandaoni, kwa kaunti zilizokwisha kuingizwa. Unaangalia jina la mwenye kiwanja, na kama kimewekwa rehani. Wajenzi wengi hukopa kwa kiwanja kilekile wanachokuuzia. Si dhambi, lakini taka barua ya benki yao inayosema nyumba yako itaachiliwa ukishalipa.

Kuna ofisi moja ya mauzo niliyoomba hati mama nikaletewa soda baridi na kijitabu cha picha za bwawa la kuogelea. Nilikunywa soda nikaondoka.

Ukinunua kwa mpango wa mpangaji-mnunuzi, yaani unaishi huku ukilipa kidogo kidogo, fahamu kwamba hati huja mwisho. Na kwa nyumba za serikali chini ya sheria ya 2024, huwezi kuuza bila idhini ya maandishi ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Kwa mtu wa kuishi, hilo halina neno. Kwa anayepanga kuuza baada ya miaka mitatu apate faida, mradi huu si wake, atafute kwingine.

Uliza pia ada ya huduma: lifti, mlinzi, pampu ya maji, taka. Italipwa kila mwezi hata mkopo ukiisha, na hakuna bango linaloitaja.

Mwisho, ukishaanza kulipa, riba ya mkopo wa nyumba unayoishi hutolewa kwenye kipato chako kabla ya kodi kupigwa, hadi riba ya shilingi 360,000 kwa mwaka. Hakikisha mkopeshaji wako yumo kwenye orodha inayokubaliwa na KRA, chukua cheti cha riba kutoka kwake, na ukipeleke mwenyewe kwa mhasibu wa kazini kwenu. Wa kwetu hakuwa amewahi kukiona.