Blogu Yako Haimo Google: Anzia Hapo Kabla ya Kuhangaika na Maneno Muhimu

Msomaji mmoja ameandika: "Kaka, nina makala 60 za ufugaji wa kuku kwenye Blogger. Mwaka mzima naandika, lakini Google hainitoi hata nikitafuta jina la blogu yangu. Maneno muhimu nayaweka chini ya kila makala. Nakosea wapi?"

Dada yangu, swali lako limebeba jibu lake. Blogu ambayo haitoki hata kwa jina lake yenyewe haijashuka nafasi. Mara nyingi haimo kabisa. Watu wengi wanaoandika kwa Kiswahili wanapoteza miezi wakibadilisha vichwa na kurundika maneno, kumbe mlango umefungwa kwa ndani na wao ndio waliofunga.

Kazi hii ina hatua tatu, na hazirukwi. Kwanza roboti ya Google, Googlebot, inafuata viungo na kuusoma ukurasa. Pili, Google inaamua kama ukurasa huo unastahili kuwekwa kwenye faharasa yake, yaani orodha ya kurasa inazoweza kuonyesha. Tatu ndipo linapokuja suala la nafasi: wa kwanza, wa kumi au wa sitini. Ukikwama hatua ya kwanza, juhudi zote za hatua ya tatu ni maji kwenye pakacha.

Pima hivi: andika kwenye Google site:jinalablogu.blogspot.com, bila kuacha nafasi baada ya nukta mbili. Zikija kurasa zako, umo. Isipokuja hata moja, fungua mipangilio. Kwenye Blogger, sehemu ya faragha ina swichi inayoruhusu blogu ionekane kwenye mitambo ya utafutaji, iwe imewashwa. Kwenye WordPress, nenda mipangilio ya kusoma, chini kabisa kuna kisanduku cha kuizuia mitambo hiyo. Mafundi wengi hukiweka tiki wakati wa kujenga tovuti, kisha wanamkabidhi mwenye mali bila kukiondoa. Tiki hiyo moja inatosha kuzika blogu nzima.

Mtego wa pili uko kwenye Blogger, sehemu ya robots.txt, faili linaloiambia roboti wapi isome na wapi isisome, na vichwa vya roboti, maagizo kwa roboti kuhusu kurasa zenyewe. Video nyingi za mafunzo zinawaambia watu waviwashe na kunakili mipangilio ya mtu mwingine. Ukiweka noindex kwenye makala, umeiambia Google isiziweke kwenye faharasa. Ukiandika Disallow: / ndani ya robots.txt, umeizuia isisome chochote. Na ukifanya vyote viwili unajichanganya zaidi, maana roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuisoma hiyo noindex iliyo ndani, kwa hiyo anwani tupu inaweza kuendelea kuonekana bila maelezo. Kama hujui unachokigusa, zima vyote viwili. Mipangilio ya awali ya Blogger inatosha.

Baada ya hapo fungua akaunti ya Google Search Console. Ni bure, na hakuna chombo kingine kinachokuambia kwa uhakika Google inaonaje blogu yako. Kwa blogu ya Blogger, ingia kwa akaunti ileile unayoandikia. Uthibitisho kwamba blogu ni yako huwa rahisi sana. Mwenye domeni yake, yaani jina la tovuti alilolisajili mwenyewe, ni bora athibitishe domeni nzima kwa kuweka rekodi ya TXT, mstari mfupi wa maandishi anaopewa na Google, kule aliposajili jina, kwa sababu njia hiyo inakusanya pamoja http, https, yenye www na isiyo na www. Kisha wasilisha ramani ya tovuti, yaani faili lenye orodha ya kurasa zako: sitemap.xml kwa Blogger, wp-sitemap.xml kwa WordPress kuanzia toleo la 5.5 la mwaka 2020. Programu-jalizi za SEO, yaani za kuisaidia tovuti ionekane kwenye utafutaji, huwa na ramani yao yenye jina jingine. Chagua moja tu.

Halafu subiri. Inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Unaweza kuingiza anwani ya makala moja moja na kuomba isomwe, lakini kuomba mara kumi kwa ukurasa uleule hakuharakishi chochote.

Ripoti ya kurasa itakuonyesha orodha ya zilizoachwa, na hapa watu wanatishika bure. Blogger yenyewe inazuia anwani zinazoanza na /search, yaani kurasa za lebo, kwa hiyo kuziona zimezuiwa na robots.txt si kosa. Anwani zinazoishia na ?m=1 ni sura ya simu ya makala zilezile; nazo ziache. Kinachopaswa kukushughulisha ni makala zako halisi zilizosomwa lakini hazikuwekwa. Maana yake Google ilifika, ikaona, ikapita. Mara nyingi ni makala fupi mno, au imenakiliwa kutoka blogu nyingine, au imetafsiriwa kwa mashine kutoka Kiingereza bila mtu kuipitia. Desturi ya kubeba habari ya mwenzako neno kwa neno na kuandika jina lake chini haikusaidii, kwa sababu Google huchagua nakala moja ya kuonyesha na kuziacha nyingine. Na tangu Machi 2024 sera zake za taka zinataja wazi kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kuvuta nafasi tu, ziwe za mashine au za mikono.

Sasa tuje kwenye maneno, na hapa Kiswahili kina mambo yake.

Kwanza, ile orodha ya maneno muhimu chini ya makala ifute. Kama ni ile ya kwenye msimbo, Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiitumii kupanga nafasi. Kama ni ile inayoonekana kwa msomaji, inasomeka kama taka, kwa sababu ni taka.

Mzizi mmoja wa Kiswahili unazaa maneno mengi: kufuga, ufugaji, mfugaji, nafuga, wanaofuga. Anayeuliza haandiki neno ulilochagua wewe. Mwenye ndoto ya mradi anaandika "ufugaji wa kuku wa kienyeji". Aliyenunua vifaranga jana anaandika "jinsi ya kulea vifaranga". Mwenye msiba bandani anaandika "kuku wanakufa ghafla" au "dawa ya kuku kuharisha". Hawa ni watu watatu wenye haja tatu, na kila mmoja anastahili ukurasa wake. Usitegemee mashine ikuunganishie kila umbo la neno. Kichwa kikiwa na "ufugaji", aya ya kwanza itumie "kufuga" kwa namna ya kawaida ya kusema, na vichwa vidogo viulize kama mfugaji anavyouliza.

Kupata maneno ya watu hakuhitaji chombo cha kulipia. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari ili historia yako isikuchanganye, andika "kuku wana" bila kubonyeza chochote, usome mapendekezo yanayoshuka. Rudia kwa "kuku ana", "dawa ya kuku", "bei ya", "kwa nini kuku". Yaandike kwenye daftari jinsi yalivyo. Kisha shuka chini ya ukurasa wa matokeo, usome maswali na utafutaji unaohusiana. Ukiona matokeo yaliyo juu ni ya Kiingereza au ni mijadala ya miaka mingi iliyopita, hapo hakuna mtu aliyejibu vizuri kwa Kiswahili, na nafasi hiyo ni yako.

Zingatia pia nani yuko wapi. Ugonjwa mmoja wa kuku, Tanzania utasikia ukiitwa kideri au mdondo. Kenya wengi huuita Newcastle. Maharage ya Dar es Salaam ni maharagwe ya Nairobi. Huhitaji kurasa mbili. Taja majina yote mara moja mwanzoni mwa makala, kisha endelea na lile la wasomaji wako. Kwenye anwani ya ukurasa ondoa alama ya ng': andika ngombe. Lakini ndani ya makala andika ng'ombe kwa usahihi. Na usichanganye aya za Kiingereza na Kiswahili kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu Google hutambua lugha kwa kusoma maandishi yenyewe, haitegemei lebo ya lugha iliyo kwenye msimbo.

Kichwa ndicho chenye uzito kuliko kitu chochote kingine ukurasani unachoweza kubadilisha kwa dakika moja. "Habari njema kwa wafugaji wote, soma hapa" hakisemi chochote. "Chanjo ya kideri kwa kuku: ratiba, dozi na bei" kina herufi 46 ukihesabu na nafasi, kinasema ugonjwa, mnyama na kile msomaji atakachokuta. Google hukata vichwa kwa upana wa skrini, si kwa idadi kamili ya herufi, lakini ukibaki chini ya 60 uko salama. Jina la blogu liweke mwisho. Na ukiahidi bei, bei iwepo, pamoja na mwezi na mwaka ulioiandika.

Yale maelezo mafupi yanayotokea chini ya kichwa hayapandishi nafasi, na Google mara nyingi huweka yake. Andika hata hivyo, herufi kama 150, kwa sababu yakitumika ndiyo yanayomshawishi mtu abofye. Kwenye Blogger lazima kwanza uyawashe kwenye mipangilio, la sivyo kisanduku chake hakitokei unapoandika.

Anwani ya ukurasa iandike kabla ya kuchapisha: chanjo-ya-kideri inatosha. Ukiibadilisha baadaye bila kuelekeza ile ya zamani kwenye mpya, kila aliyekuwa amehifadhi kiungo chako atakutana na kosa la 404.

Kuhusu picha, simu ya siku hizi hutoa picha yenye upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 3 hadi 5. Picha 8 za MB 4 ni MB 32, na msomaji wako analipia kwa bando. WordPress hutengeneza nakala ndogo yenyewe, lakini themu nyingine, yaani miundo ya sura ya tovuti, huita ile kubwa. Kwa hiyo punguza kabla ya kupakia: upana wa pikseli 1200, muundo wa WebP au JPEG yenye ubora wa 75, na nyingi zitashuka chini ya KB 200. Squoosh hufanya kazi hiyo ndani ya kivinjari, bure. Faili liite chanjo-tone-la-jicho.jpg badala ya IMG_2041.jpg, na maandishi mbadala, yale yanayosimama badala ya picha isipoonekana, yaeleze kinachoonekana kwa sentensi moja. Kipimo cha Google ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, PageSpeed Insights itakuonyesha uko wapi kwenye simu, na simu ndiyo muhimu, kwa kuwa Google husoma sura ya simu ya tovuti.

Viungo vya ndani vinasahaulika mno. Kila ukichapisha makala mpya, rudi kwenye tatu za zamani zinazohusiana, weka kiungo kuelekea mpya. Maneno ya kiungo yaseme kinakokwenda: "ratiba ya chanjo ya vifaranga", si "bofya hapa". Viungo kutoka nje usivinunue, hata kwa elfu kumi. Ni kinyume cha sera za Google, na wauzaji wanauza kiungo kilekile kwa kila mtu. Kundi la WhatsApp litakuletea wasomaji, lakini Google haiwezi kuingia humo kusoma viungo.

Baada ya miezi mitatu, fungua ripoti ya utendaji kwenye Search Console. Tafuta maneno uliyoonekana mara nyingi, ukiwa nafasi ya 8 hadi 20, lakini watu hawabofyi. Hizo ni makala zilizo karibu kufika. Soma neno lenyewe, kisha uulize kama makala yako inalijibu waziwazi. Mara nyingi utakuta jibu liko aya ya tisa, lipandishe juu. Badilisha jambo moja, andika tarehe, acha wiki nne, ndipo ulinganishe. Ukibadilisha kichwa, picha na anwani siku moja, hutajua kipi kilisaidia. Kuigeuza tarehe ya makala bila kugusa maudhui ni kumdanganya msomaji, na haistahili.

Na zile 60, dada yangu, usifute. Panga makala kwa ugonjwa na kwa hatua ya ukuaji. Kama nne zinazungumzia kideri kwa aya mbili mbili, chagua ile yenye kubofywa zaidi, hamishia humo yote mazuri yaliyo kwenye zile tatu, kisha nenda sehemu ya makosa na uelekezaji kwenye mipangilio ya Blogger, uelekeze anwani tatu kwenye hiyo moja. Weka alama ya kudumu kwenye kila uelekezaji, na rudisha zile tatu kwenye rasimu. Anza na kideri, kisha ndui, kisha kuhara damu.